Apple waliacha gari lao la umeme, Xiaomi wakatoa la kwao: kampuni ya simu ina haki ya kutuwekea usukani mkononi?

FundiKioo (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Mimi ni fundi simu Kariakoo, huu mwaka wa tisa. Marehemu baba alikuwa fundi magari, kwa hiyo nilikulia kwenye uvungu wa gari kabla sijashika bisibisi ndogo. Ndiyo maana kampuni za simu zilipotangaza kwamba zinataka kutengeneza magari, nilisikiliza kama mtoto anayesikia ukoo wa baba na ukoo wa mama wanaingia biashara moja. Nina maoni yangu, naomba niyaweke hapa mniambie nilipokosea.

Tuanze na Apple. Mwaka 2014 walianza kimyakimya mradi ulioitwa Titan. Miaka kumi walihangaika nao. Mara wanataka gari kamili, mara wanataka mfumo wa kujiendesha tu wauweke kwenye magari ya wengine, mara gari lisilo na usukani wala pedali, mara wanarudi kwenye gari la kawaida lenye kumsaidia dereva. Mkuu wa mradi naye alibadilika: Steve Zadesky, kisha Bob Mansfield, kisha Doug Field aliyetoka Tesla na baadaye akaenda Ford, mwishowe Kevin Lynch ambaye watu walimjua kwa kazi ya saa za Apple. Februari 2024 wakaufunga. Watu kama 2,000 walikuwa humo, baadhi wakahamishiwa kwenye akili mnemba. Vyombo vya habari vya Marekani viliandika kwamba zaidi ya dola bilioni 10 zilikwenda. Gari hata moja halikuuzwa.

Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 28 Machi 2024, Lei Jun, mwanzilishi wa Xiaomi, alipanda jukwaani Beijing akatangaza bei ya gari lao la umeme, SU7: yuan 215,900 kwa la chini. Ndani ya dakika 27 oda zikafika 50,000. Alikuwa ametangaza nia mwaka 2021, akasema huo ndio mradi mkubwa wa mwisho wa maisha yake na kwamba heshima yake yote ameiweka juu yake. Miaka mitatu, gari liko barabarani.

Wengi wanazisoma habari hizi mbili kama mechi: Mchina kashinda, Mmarekani kashindwa. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kwamba wanaweza kutengeneza, tumeshaona wanaweza. Ninalouliza mimi ni hili: gari likifika mwaka wa 15, kampuni ya simu itakuwa wapi?

Niwaeleze ninachokiona mezani kwangu. Simu inaletwa ina miaka minne, betri imevimba mpaka kioo kimenyanyuka. Naipasha moto kwa bloa, gundi inalegea, natoa betri kwa kadi ya plastiki taratibu isitoboke. Kwenye simu nyingi betri imegandishwa na gundi kwa sababu aliyeitengeneza hakufikiria kwamba kuna mtu ataifungua. Alifikiri utanunua mpya. Biashara nzima imejengwa juu ya wazo hilo, na kwa simu tunaishi nalo.

Sasa pigeni hesabu. Betri ya simu ya mAh 5,000 inabeba wati-saa 19 hivi. Betri ya SU7 Max ni kilowati-saa 101, yaani wati-saa 101,000. Hiyo ni sawa na betri za simu zaidi ya 5,200, zimelala chini ya miguu ya watoto wako, na gari linakimbia. Na Xiaomi wanaiunganisha betri hiyo na bodi yenyewe, yaani kifuniko cha betri ndiyo sakafu ya gari. Inaokoa nafasi na inaongeza uimara, sipingi. Ila mimi fundi nikiona hivyo najiuliza: huyu alifikiria kwamba kuna siku itafunguliwa?

Msimamo wangu: Apple walifanya vizuri kuacha, hata kama walichelewa. Xiaomi walikuwa na kila sababu ya kuingia. Lakini kampuni yoyote ya simu inayotaka kuuza gari ianze kwa kuacha tabia ya simu. Karibuni.

Nimekaa_Hapa

Naweka kambi. Endeleeni wakuu.

Mhandisi Mtarajiwa

Mkuu FundiKioo, uzi mzuri ila napinga.

Umeisahau BYD. Wang Chuanfu alianzisha BYD Shenzhen mwaka 1995, na kazi yao ilikuwa betri za kuchaji, baadaye wakawa wanaziuzia Motorola na Nokia. Mwaka 2003 wakanunua kiwanda cha magari kilichokuwa kinasuasua, Qinchuan, cha Xi'an. Wawekezaji walikasirika, hisa zikaporomoka. Hoja zao zilikuwa hizihizi zako: hawa ni watu wa betri za simu, gari wanalijulia wapi? Mwaka 2024 BYD waliuza magari zaidi ya milioni 4.2. Wangesikiliza ushauri wa kubaki kwenye simu, leo tusingekuwa na kampuni iliyoshusha bei ya gari la umeme dunia nzima.

Kwa hiyo mimi nasema kampuni ya vifaa vya umeme ndiyo inayofaa hasa. Gari la umeme ni betri, mota, chipu na programu. Injini imeondoka, gia boksi ile ya zamani imeondoka. Vile vitu vilivyowapa Toyota na Volkswagen ubingwa wa miaka mingi, nusu yake havihitajiki tena. Apple walikuwa na fedha, wana wabunifu wa chipu bora duniani. Waliacha kwa woga.

FundiKioo

Mhandisi, hoja ya BYD ni nzito na nakubali sehemu. Lakini angalia walivyoingia. Walinunua kiwanda chenye watu waliokuwa tayari wanaunda magari. Walianza na magari ya petroli ya kawaida, wakajifunza bodi, breki, milango isiyoingiza maji. Gari lao la kwanza la kuchomeka umeme, F3DM, lilitoka Desemba 2008, miaka mitano baadaye. Na betri, moyo wa gari, walikuwa wanatengeneza wenyewe kwa mikono yao.

Apple hawana kiwanda. Simu zao zinaungwa na Foxconn na wengine. Kwa hiyo walihitaji mtu wa kuwaundia gari. Habari za mazungumzo na Hyundai zilivuma Januari 2021, na tarehe 8 Februari Hyundai na Kia wakatangaza rasmi kwamba hawazungumzi na Apple. Jiweke kwenye viatu vyao: miaka yote umejenga jina lako, aje mtu akuambie unda wewe, nembo niweke mimi. Foxconn alikubali kwa sababu hakuwa na jina la kulinda kwa mnunuzi wa dukani. Kampuni ya magari inalo.

Kwa hiyo sioni woga. Naona mtu aliyezoea kuamrisha kila kitu amefika kwenye mlango ambao amri yake haifungui.

Nuru_Mahesabu

Kaka zangu, mmezungumza ufundi, niwalete kwenye hesabu maana ndiyo kazi yangu.

Apple katika kila dola 100 wanazouza, faida ghafi, kabla ya gharama za uendeshaji, ni zaidi ya dola 40. Biashara ya magari haijui namba hiyo. Mtengenezaji mzuri wa magari ya watu wa kawaida akibaki na 10 kwa 100 baada ya gharama za uendeshaji, anasherehekea. Mkurugenzi wa Apple akienda mbele ya wenye hisa na kusema naingia biashara inayoshusha wastani wetu, ataulizwa kwa nini. Waliokuwa wanatafuta miaka kumi ni gari litakaloleta faida ya simu. Ndiyo maana walirudi tena na tena kwenye wazo la gari linalojiendesha lenyewe bila mtu, kwa sababu hilo peke yake lingeweza kuuzwa kwa bei ya ajabu. Teknolojia haikufika, na hesabu ikakosa mguu wa kusimamia.

Xiaomi wanatoka upande wa pili kabisa. Mwaka 2018 Lei Jun alitangaza hadharani kwamba faida halisi ya vifaa vyao haitazidi asilimia 5. Mtu aliyezoea kuishi kwa asilimia 5 haogopi biashara ya magari. Kwake ni nyumbani.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Mwaka 2024 waliwapa wateja magari zaidi ya 136,000, na kitengo chao cha magari pamoja na miradi mingine mipya kikapata hasara ya yuan bilioni 6.2. Simu, runinga na majiko ya kupikia wali ndivyo vilivyobeba hasara hiyo. Robo ya tatu ya 2025 ndipo kitengo kilipoonyesha faida kwa mara ya kwanza.

Na kwa wale wanaosema uthubutu ndio kila kitu, someni habari ya James Dyson, wa mashine za kufyonza vumbi. Alitangaza gari 2017, akanunua kampuni ya betri hata kabla ya hapo, akakarabati uwanja wa zamani wa ndege huko Hullavington, Uingereza, akapanga kiwanda Singapore. Oktoba 2019 akafunga. Alieleza baadaye kwamba alitumia pauni milioni 500 za mfukoni, na kwamba ili gari lirudishe gharama lingebidi liuzwe pauni 150,000. Gari lilikuwepo, linatembea. Bei ndiyo iliyolizuia. Namheshimu sana kwa kusema ukweli ule na kufunga mapema. Kufunga kabla hujamuuzia mtu hata mmoja kunamuumiza mwenye fedha. Ukifunga baada ya kuuza, wanaoumia ni wanunuzi.

Mkazi wa Guangzhou

Salaam kutoka Guangzhou, niko huku kwa biashara ya mizigo.

Niwape picha ya huku mitaani. Unaingia duka la Xiaomi ndani ya jengo la maduka, pale mbele kuna SU7, mita tano nyuma yake kuna birika, taa, mashine ya kuosha nguo na simu. Familia nzima inaingia. Mtoto anakaa kwenye kiti cha dereva, mama anaangalia kiyoyozi. Mwenye vifaa vyao nyumbani anaweza kuwasha kiyoyozi cha sebuleni akiwa bado barabarani. Kwa vijana wa huku hilo lina uzito kuliko jina la Mjerumani.

Lakini siyo wote wameingia kwa njia hiyo. Huawei wamesema miaka yote kwamba hawatengenezi magari. Wanaingiza mifumo yao, programu na maduka yao, halafu kiwanda ni cha mwingine, kama Seres anayeunda magari ya AITO. Mteja anaingia duka la Huawei anatoka na gari, ila bati na breki ni dhamana ya mtu wa magari. Sony nao hawakuthubutu peke yao, walijiunga na Honda mwaka 2022. Mimi naona hii njia ya kushikana mikono ina busara kuliko zote zilizotajwa.

Ila nayo haina kinga. Baidu, wale wa utafutaji wa mtandaoni, waliungana na Geely, kampuni ya magari, wakatoa magari ya Jiyue. Desemba 2024 kampuni ikayumba ghafla, wafanyakazi wakamzingira mkurugenzi wakidai haki zao. Wateja walishikwa na hofu, wengine gari halina hata mwaka. Baidu na Geely ikabidi watoe tamko kwamba huduma kwa wenye magari itaendelea. Siku zile nilipanda gari la mtu mwenye Jiyue, yule dereva alikuwa na huzuni ya kweli. Aliniuliza mimi mgeni: programu ikizimwa, gari langu litawaka?

FundiKioo

Mkazi wa Guangzhou, swali la huyo dereva ndilo uzi wangu wote. Ahsante sana.

BintiPwani

Naomba tusiruke jambo hili. Usiku wa tarehe 29 Machi 2025, SU7 ilipata ajali kwenye barabara kuu mkoani Anhui, China. Wasichana watatu wanafunzi wa chuo walifariki. Kwa maelezo ya Xiaomi wenyewe, mfumo wa kumsaidia dereva ulikuwa umewashwa, gari linakwenda kilomita 116 kwa saa. Mbele upande ule wa barabara ulikuwa umefungwa kwa ujenzi. Mfumo ukatoa onyo, dereva akashika usukani, sekunde chache baadaye gari likagonga kizuizi cha zege kwa mwendo wa kama kilomita 97 kwa saa, likawaka moto.

Mimi ni mama. Nikisoma sekunde zile chache najiuliza ni binadamu gani aliyeambiwa miezi yote kwamba gari lina akili, anaweza kuamka akaamua ndani ya muda huo.

Mwezi uliofuata serikali ya China iliwaita watengenezaji wa magari ikawakataza kutumia maneno ya kukuza mambo kwenye matangazo ya mifumo hii. Septemba 2025 Xiaomi wakatakiwa kurekebisha SU7 116,887 kwa sababu mfumo huo wa barabara kuu ungeweza kushindwa kutambua au kuonya vya kutosha kwenye mazingira fulani. Marekebisho yalitumwa kwa intaneti kama programu ya simu.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada. Kwenye simu, kutoa kitu kikiwa bado kina kasoro na kukirekebisha baadaye ni jambo la kawaida, na hakuna anayekufa. Lugha ya kutangaza simu, ile ya "akili", "haraka kuliko wote", ikihamia kwenye gari inageuka kuwa ahadi ya uhai wa mtu.

Mhandisi Mtarajiwa

Dada BintiPwani, pole, na hoja yako naipokea. Naomba tu kuongeza kwamba mifumo hii imehusika kwenye ajali za magari ya kampuni nyingine pia, siyo kampuni za simu peke yake. Na kurekebisha magari 116,000 bila mtu kupanga foleni gereji ni faida ya kweli. Zamani magari yenye kasoro yaliendelea kutembea miaka kwa sababu mwenye nalo hakupata barua.

FundiKioo

Kweli Mhandisi, hiyo ni faida na nisingependa irudi nyuma. Lakini mlango unaoingiza dawa unaingiza na mengine. Mei 2025 wenye SU7 Ultra, gari la nguvu za farasi 1,548, waliletewa sasisho lililopunguza nguvu hadi 900 mpaka dereva athibitishe uwezo wake kwenye uwanja wa mashindano. Huenda nia ilikuwa usalama. Watu wakapiga kelele kwamba wamelipia nguvu zote, Xiaomi wakaliondoa. Mwezi huohuo kukawa na malalamiko ya boneti ya nyuzi za kaboni ya yuan 42,000, ile yenye matundu mawili ya hewa, wanunuzi wakasema matundu hayafanyi kazi waliyoambiwa. Kampuni ikaomba radhi kwa kutoeleza vizuri.

Sisi mafundi simu tulishaliona hili. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Sababu ya kiufundi ilikuwepo, simu zilikuwa zinazima ghafla. Kosa ni kwamba hawakumwambia mwenye simu. Wateja wangapi walinunua simu mpya wakati walihitaji betri tu? Kesi ikaja kumalizwa mwaka 2020 kwa malipo ya hadi dola milioni 500. Mtu akinifanyia hivyo kwenye gari, nikiwa napandisha mlima na lori nyuma yangu, siyo suala la fidia tena.

Abiria_Kampala

Mmesahau mlango wa pikipiki. Transsion, wenye Tecno, Itel na Infinix, hawakukimbilia gari. Wameleta pikipiki na bajaji za umeme kwa jina la TankVolt, hapa kwetu Afrika. Mtu wa boda anafanya hesabu ya mafuta kila jioni, kwa hiyo umeme anauelewa haraka. Na chombo kikiharibika wako wa kukifungua. Kwa kampuni ya simu inayotaka kujifunza barabara, naona huko ndiko kwa kuanzia.

Mzee wa Gereji

Vijana, nimesoma wote. Nina miaka 31 kwenye kazi hii, Ilala.

Gari la mtumba linalonifikia limeshazaliwa mara mbili. Mjapani amelitumia miaka kumi, likapanda meli, hapa likatumika mengine kumi. Kila mwenye nalo alipata spea kwa sababu kiwanda kilitengeneza vipande vinavyotengana. Bampa lake, fenda yake, mkono wake. Ukigongwa nyuma, nanyoosha bodi.

Nimeoneshwa na mjukuu video ya kiwanda cha hao Xiaomi. Wana mashine yenye nguvu ya tani 9,100 inayokandamiza alumini mara moja, sehemu ya nyuma ya gari iliyokuwa vipande 72 inatoka kipande kimoja. Nimevutiwa, ni kazi ya ajabu. Tesla ndio walianza, nasikia. Lakini nilibaki nauliza: likigongwa hapo, mimi nanyoosha nini? Alumini ya kumwagwa ukiipiga nyundo inapasuka. Wenyewe wanasema wameweka sehemu ya kukatwa na kubadilishwa ajali ikiwa ndogo. Ajali kubwa je?

Sisemi wasitengeneze. Watu walisema hivyohivyo gari za sindano za umeme zilipoondoa kabureta, na tukajifunza. Ila watuachie njia ya kujifunza. Waweke vitabu vya ufundi wazi, na wauze spea kwa fundi, siyo kwa karakana zao tu.

FundiKioo, marehemu baba yako alikuwa nani? Kama ndiye yule wa mtaa wa pili na gereji ya mabati ya bluu, nilifanya naye kazi.

FundiKioo

Shikamoo mzee. Ndiye huyo. Mabati ya bluu tuliyapaka mimi na yeye.

Umesema kwa maneno machache nililoshindwa kulisema kwa mengi. Watuachie njia ya kujifunza. Kampuni ya simu ikija na gari ambalo betri yake inafunguka, na programu ambayo gari linawaka hata kampuni ikifa, mimi nitakuwa wa kwanza kulitetea humu.

Mzee wa Gereji

Marahaba mwanangu. Alikuwa mtu wa haki.

Sasa sikiliza. Nina Prius ya 2006 imelala uani kwangu miezi miwili sasa, taa ya pembetatu inawaka. Mwenyewe ameambiwa na watu betri nzima imekufa, hana uwezo. Mimi injini naijua, umeme huo sijauzoea.

FundiKioo

Mzee, hiyo betri ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, na vinafunguka kimoja kimoja kwa boliti. Mara nyingi ni vichache tu vilivyochoka. Nikivipima nitakipata chenye volti ya chini kuliko wenzake, na kipande kimoja kinauzwa peke yake.

Nakuja Jumamosi na mita yangu. Naomba asiiguse mtu yeyote, ikiunganishwa yote ni volti 201. Kabla sijafika, zima gari kabisa, ufunguo ukae mbali nalo, kisha nyuma kwenye buti kuna plagi ya rangi ya chungwa. Hiyo usiichomoe, nitaichomoa mwenyewe na glavu, halafu tutasubiri dakika kumi kabla ya kufungua chochote.